IP Zikigongana: Mtafute Mgawaji wa Pili

Ugonjwa huu unajulikana kwa ukigeugeu wake. Printa inachapa saa tatu asubuhi, saa tano haionekani, saa saba inachapa tena bila mtu kuigusa. Kompyuta ya mhasibu inakata intaneti kila bosi anapoingia na simu yake, na hakuna anayewaza kuvihusisha vitu hivyo viwili. Watu wanapiga simu huduma kwa wateja, wanaambiwa wazime ruta, wasubiri kidogo, waiwashe. Mambo yanatulia. Kesho yanaanza upya.

Kasoro inayokuja na kuondoka, tena inayochagua kifaa kimoja au viwili huku vingine vikipeta, ni ya kukufanya ushuku mgongano wa anwani za IP. Na ukishashuku hivyo, kitu cha kwanza ni kuiacha ruta ikiwaka. Najua kila mtu anashauri kinyume. Lakini ruta nyingi ndogo huweka orodha ya vifaa zilivyovipa anwani kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Ukiizima umefuta ushahidi wote, na nafuu utakayoipata ni ya muda tu.

Anwani moja, wenyewe wawili

Kwenye mtandao wa nyumba au ofisi ndogo kila kifaa kina anwani ya namba nne, mathalani 192.168.1.50. Mara nyingi namba tatu za mwanzo ni za wote na ya nne ndiyo ya kifaa chenyewe. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa mitandao ya ndani, ndiyo maana ofisi yako Mbeya na duka la mtu Mombasa zinaweza kuwa na 192.168.1.50 kila moja bila kudhuriana. Shida huanza anwani hiyo ikipatikana mara mbili ndani ya mtandao mmoja.

Kifaa hupata anwani kwa njia mbili. Ama ruta inakipa yenyewe kwa utaratibu uitwao DHCP, ikiikodisha kwa saa kadhaa au siku nzima, ama mtu anaketi na kuiandika kwa mkono kwenye mipangilio ya kifaa. Kila njia ni nzuri ikiwa peke yake. Ugomvi huzuka pale wagawaji wanapokuwa wawili na mmoja hana habari na mwenzake: ruta na fundi, au ruta na ruta ya pili. Ni kisa kilekile cha kiwanja kimoja chenye hati mbili, ambapo kila mnunuzi ana karatasi yake mkononi na kosa lote liko kwa waliogawa. Kwa hiyo usihangaike sana na kompyuta inayolalamika. Mtafute mgawaji wa pili.

Ukigeugeu wenyewe una sababu. Kompyuta ikitaka kuzungumza na 192.168.1.50 huuliza mtandao mzima: nani mwenye anwani hii? Mwenyewe hujibu kwa kutaja namba yake ya MAC, ile namba ya kadi ya mtandao ambayo kiwandani hupewa kila kadi ya kwake. Utaratibu huu wa kuulizana, ARP, ni wa mwaka 1982, na ulitungwa na watu walioaminiana. Haukagui chochote. Wakijibu wawili, kompyuta hushika jibu mojawapo, kwa kawaida la mwisho kufika, na baada ya dakika chache huuliza tena na pengine kumpata yule mwingine. Kazi yako ya kuchapa sasa hivi imekwenda kwa printa, na ijayo itakwenda kwa simu ya mteja isiyojua karatasi ni nini.

Mwaka 2008 ulichapishwa mwongozo unaovitaka vifaa viulize kwanza kama anwani ina mtu kabla ya kuikalia. Windows, Mac na simu za kisasa hufanya hivyo. Printa za zamani, mashine za mahudhurio za alama za vidole na kamera za bei nafuu nyingi hazijisumbui: zinawaka na kukaa zilikoambiwa zikae.

Kumkamata

Anza na kompyuta inayosumbuliwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha kwenye dirisha jeusi andika ipconfig /all. Tafuta mstari wa IPv4. Ukiona neno Duplicate limebandikwa mbele ya anwani, huna haja ya kubahatisha tena, Windows yenyewe imekiri. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta imejipa anwani ya dharura: ama imekosa mtu wa kuipa, ama iliyokuwa nayo imeikuta kwa mwingine. Wakati bado uko hapo, soma mstari wa DHCP Server na uandike namba yake pembeni. Tutaihitaji.

Sasa fungua daftari la matukio la Windows. Bonyeza tena Windows na R, andika eventvwr, ingia kwenye Windows Logs halafu System, na utafute tukio namba 4199. Watu wengi hawalijui tukio hili, na linaokoa nusu siku ya kazi. Windows ikigundua mgongano huandika humo saa, anwani iliyogombewa, na namba ya MAC ya kifaa cha upande wa pili. Hapo mshitakiwa wako amekwisha kuacha kitambulisho.

Ikiwa anayesumbuliwa ni printa au kamera, hakuna daftari la kusoma. Tumia kompyuta ya tatu, isiyohusika. Fungua cmd kwa ruhusa ya msimamizi na uandike arp -d * ili kufuta kumbukumbu ya zamani. Kisha andika ping 192.168.1.50, ukiweka anwani yako mahali pa hiyo, halafu arp -a. Utaona anwani ile na MAC iliyojibu. Iandike. Sasa izime printa au chomoa waya wake, futa tena kwa arp -d *, piga ping tena, soma arp -a tena. Anwani ya printa iliyozimwa haina haki ya kuwa na mtu. Ikitokea na MAC nyingine, umemnasa.

Angalizo moja hapa, kwa sababu mafundi wengi hukata tamaa mahali hapa. Ping inaweza isijibiwe kabisa na mvamizi akawepo. Kinga ya Windows mara nyingi huzuia kujibu ping, na simu nyingine hunyamaza. Lakini hakuna kifaa kinachoweza kuishi kwenye mtandao bila kujibu ARP. Kwa hiyo usiangalie ping imesema nini. Angalia kama arp -a imeonyesha MAC.

MAC unayo. Ni ya nani? Herufi sita za mwanzo ni za kiwanda, na IEEE, taasisi inayovigawia viwanda, huzichapisha wazi. Ziandike kwenye mtandao utaambiwa ni HP, Hikvision, TP-Link au Samsung. Mara nyingi hilo tu linatosha kukupeleka kwenye kona husika ya ofisi. Simu zimekuwa ngumu kidogo: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia MAC ya kubuni kwa kila mtandao wa Wi-Fi, na viwanda haviitambui. Ishara yake ni herufi ya pili, ambayo huwa 2, 6, A au E. Ukiona MAC inayoanza na 5A au D2, acha kutafuta kiwanda, tafuta simu.

Ingia sasa kwenye ukurasa wa ruta na ufungue orodha ya vifaa ilivyovipa anwani. Ikiwa MAC ya mvamizi imo, ruta ndiyo iliyompa, na kosa linaelekea kuwa la yule mwingine aliyewekewa anwani kwa mkono. Ikiwa haimo, mvamizi amewekewa kwa mkono, au anapokea anwani kutoka kwa ruta nyingine usiyoijua. Hapo ndipo faida ya kutoizima ruta inapoonekana.

Wapo wanaoanza na programu ya kukagua mtandao mzima, kama Advanced IP Scanner, isiyolipiwa. Ni nzuri kwa kujua nini kipo ofisini, na utashangaa vingapi hukuvijua. Ila kwa mgongano wenyewe inaweza kukudanganya, kwa kuwa kwenye orodha yake anwani moja huonekana mara moja tu, yaani yule aliyewahi kujibu.

Kama bado hujui kifaa kiko wapi, rudi kwenye njia ya miguu. Mvamizi wako akiwa anajibu ping, andika ping -t na anwani inayogombewa, huku mwenye haki ukiwa umemzima. Majibu yatatiririka bila kukoma. Mwachie mtu kompyuta aangalie, wewe nenda kwenye swichi uchomoe waya mmoja mmoja, ukingoja sekunde chache kabla ya kuurudisha. Akipaza sauti kwamba majibu yamekata, umeshika waya wenyewe. Waya zikiisha bila mafanikio, zima Wi-Fi ya ruta kwa dakika moja. Fanya kazi hii wakati wa chakula cha mchana, maana hakuna anayependa kukatiwa katikati ya malipo.

Wanaopatikana mara kwa mara

Wa kwanza, na anayewazidi wenzake wote kwa mbali kwa wingi, ni printa iliyowekewa anwani ndani ya eneo la kugawa la ruta. Fundi alikuja, akaipa 192.168.1.50, akaondoka. Ruta nayo inagawa kuanzia 2 hadi 254 na hakuna aliyeiambia kuhusu 50. Miezi inapita salama, kwa sababu ruta nyingi huulizia anwani kabla ya kuitoa na printa ikiwa imewashwa huitikia. Kisha siku moja printa inazimwa jioni, asubuhi mtu wa kwanza kuingia anakuja na simu, ruta inaulizia 50, kimya, inampa. Printa ikiwashwa saa mbili inakuta mtu kitandani mwake.

Wa pili ni kukatika kwa umeme, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kwetu si jambo la ajabu. Ruta ikizimika na kuwaka husahau anwani ilizozikodisha. Simu na laptopu za Wi-Fi hazileti shida kubwa, maana ruta ikizimika zinapoteza mawasiliano, na ikirudi hujitambulisha upya na kuomba zithibitishiwe anwani zao. Tatizo ni ofisi yenye swichi na kompyuta kwenye UPS huku ruta ikiwa imechomekwa ukutani. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta hazijaona waya ukikata, zinaendelea kushikilia anwani za zamani kwa amani. Ruta imeamka haina kumbukumbu. Ikija simu mpya inapewa anwani yoyote inayodhaniwa kuwa wazi, na kompyuta ambayo kinga yake hainyimi ARP lakini inanyima ping haitaonekana kwa ruta inayoulizia kwa ping peke yake. Dawa yake ni ya bei ndogo: ruta nayo iingie kwenye UPS ileile.

Wa tatu ni ruta ya pili. Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma, mtu ananunua ruta, anachomeka waya kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, inawaka, anafurahi. Hajui kwamba ameajiri mgawaji mwingine. Mbaya zaidi, ruta hiyo nayo inaweza kuwa 192.168.1.1 kama ya kwanza, na hapo anayegombewa ni lango la mtandao mzima: ofisi yote inapoteza intaneti, inarudi, inapoteza. Ndiyo sababu nilikwambia uandike namba ya DHCP Server. Linganisha kompyuta mbili tatu. Zikitaja namba tofauti, una ruta mbili zinazogawa. Zikitaja namba moja, bado piga arp -a kwenye kila kompyuta na ulinganishe MAC ya lango. Zikitofautiana, ni ruta mbili zenye jina moja.

Namba zenyewe husaidia kumtambua mgeni. Ruta nyingi za TP-Link na Tenda huja na 192.168.0.1, MikroTik 192.168.88.1, vifaa vya faiba vya Huawei mara nyingi 192.168.100.1, vimodemu vyao vya mfukoni 192.168.8.1. Ukikuta 192.168.137.1, si ruta kabisa: kuna mtu anagawa intaneti kutoka kwenye laptopu ya Windows.

Wa nne ni kamera. Kamera za Hikvision zikitoka kwenye boksi zote ni 192.168.1.64, na za Dahua 192.168.1.108. Ukichomeka nne za aina moja kwa mpigo umeanzisha ugomvi wa watu wanne kabla hujapanda ngazi. Washa moja, ibadilishe anwani, ndipo uwashe ya pili, au tumia programu ya kiwanda inayozitambua kwa MAC. Tena 108 inaangukia ndani ya eneo la 100 hadi 199 ambalo ruta nyingi hupenda kugawa.

Kutibu

Kumtuliza mgonjwa ni rahisi. Kwenye kompyuta iliyopewa anwani na ruta andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Kwenye simu, zima Wi-Fi na kuiwasha, au isahaulishe mtandao uunganishe upya. Hapo utapumua. Ila kama mgawaji wa pili bado yupo, ni suala la muda.

Dawa ya kudumu ni kugawa mipaka. Fungua mipangilio ya DHCP ya ruta na upunguze eneo lake. Mimi hupenda ruta igawe 100 hadi 220 tu. Chini ya hapo, 1 ni ruta, 2 hadi 19 ni ruta za ziada na swichi, 20 hadi 60 ni printa, kamera na mashine za mahudhurio. Namba si msahafu, chagua zako, mradi chochote kinachoandikwa kwa mkono kikae nje ya eneo la kugawa.

Kwa printa ni bora zaidi kutoandika kwa mkono kabisa. Iache ipokee anwani kutoka kwa ruta, kisha kwenye ruta iwekee akiba: MAC hii ipewe daima anwani hii. Mgawaji anabaki mmoja na anajua kila kitu. Akiba ina udhaifu wake: mtoa huduma akija kubadilisha ruta, akiba zote zinaondoka nayo. Kwa hiyo mashine ya kurekodi kamera na ruta za ziada naziandikia kwa mkono, nje ya eneo, maana siku ruta imekufa ndiyo siku unayozitaka zaidi.

Ukiihamisha printa kwenda anwani mpya, kumbuka kompyuta bado zinaituma kazi kwenye anwani ya zamani. Ingia kwenye sifa za printa katika kila kompyuta, sehemu ya Ports, na urekebishe. Nimeona ofisi zikirudisha printa dukani kwa kosa hili.

Ruta ya pili usiitupe. Iunganishe kwanza na kompyuta moja peke yake, iweke kwenye hali ya Access Point kama inayo. Kama haina, ipe anwani 192.168.1.2, zima DHCP yake, ndipo uichomeke kwa tundu la LAN kwenye tundu la LAN la ruta kubwa, tundu lake la WAN libaki tupu. Ukitaka kutumia WAN, basi iwe na mtandao wake tofauti kabisa, mathalani 192.168.50.1. Ruta ya Starlink, iliyoingia Kenya mwaka 2023, huja na 192.168.1.1, na ukiichomekea ruta yako yenye namba hiyohiyo nyuma yake, pande mbili za ruta yako zitakuwa na mtandao wa jina moja. Ruta nyingine hugundua na kujibadilisha zenyewe. Nyingine zinanyamaza tu na intaneti haipiti.

Ugomvi wa aina hiyo huwapata pia wanaofanya kazi nyumbani kwa VPN. Seva ya ofisi ni 192.168.1.10, nyumbani kwako nako ni 192.168.1, na kompyuta ikiitafuta 10 inaitafuta sebuleni. Hakuna Duplicate, hakuna 4199, na VPN inasema imeunganishwa. Ukiwa ndiye unayeanzisha mtandao wa ofisi leo, chagua kitu kisicho cha kawaida kama 10.37.12, na utakuwa umewaepushia wafanyakazi wote adha hiyo.

Usichanganye mgongano na uhaba. Mkahawa unaogawa anwani mia moja kwa saa 24 kila moja utaishiwa kabla ya chakula cha jioni, hata kama ndani wamekaa watu kumi na wawili. Wageni watapata 169.254 au watazunguka bila kuunganishwa. Hapo punguza muda wa kukodi uwe saa moja au mbili.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi: kifaa, MAC, anwani, na mpaka wa eneo la ruta. Ibandike ndani ya kabati la swichi, maana ikikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja haitasomwa. Siku fundi wa kamera akija, kabla hajafungua boksi mwonyeshe karatasi hiyo na mwambie achague namba kuanzia 20 hadi 60 isiyo na jina, aiandike mwenyewe kwa kalamu. Baada ya wiki moja fungua tena eventvwr kwenye kompyuta iliyokuwa ikisumbuliwa na uangalie tarehe ya 4199 ya mwisho.